Mkono wa Dishon Haukuvimba

Leonida alikuwa mke wa fundi wa masanduku ya bati pale Suna, na kama kuna kazi inayomwezesha mke kujua hali ya mumewe bila kumwuliza, basi ni hiyo. Dishon alipokuwa mzima, nyundo yake ilisikika kutoka sokoni hadi kisimani, na majirani walilalamika. Alipoanza kukohoa, nyundo nayo ikaanza kupumzika. Ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Majirani wakaacha kulalamika, na hapo ndipo Leonida alipoingiwa na wasiwasi.

Yeye hakuwa mtu wa Suna. Alizaliwa Kochia, karibu na Homa Bay, mtoto wa Mzee Wangwe, mkulima aliyekuwa pia na mtumbwi, ingawa mtumbwi huo ulikaa nchi kavu kuliko majini. Kama wasichana wengine wa Kijaluo wa siku zile, alipofikia umri wa kuficha kicheko kwa kiganja hakulala tena nyumbani kwa mama yake. Alihamia kwa bibi, katika nyumba ya wasichana waliyoiita siwindhe, akalala na dada zake na binamu zake wamebanana kwenye ngozi za ng'ombe. Humo bibi alifundisha mambo ya ndoa, vitendawili, na jinsi ya kumkataa mwanamume bila kumtukana ukoo mzima.

Humo humo alilala shangazi yake Jedidah, aliyerudi kutoka kwa mumewe akiwa amekonda na akikohoa. Shangazi Jedidah alikuwa hodari wa hadithi. Alisimulia, akakohoa, akaendelea, na wasichana walimsogelea ili wasipitwe na neno. Leonida ndiye aliyesogea kuliko wote. Shangazi akazidi kukonda, mpaka siku moja hakuamka. Watu wakasema ni chira, ugonjwa wa kukonda unaompata mtu aliyevunja mwiko. Wakatafuta mwiko alioukiuka, wakaukosa, wakakubaliana kwamba bila shaka alikuwa ameuficha. Leonida alilia mpaka akakatazwa kulia. Baadaye akakua, akaolewa, akapata watoto na biashara ya samaki wa kukausha, na shangazi akawa mtu wa kukumbukwa mara moja moja, mvua ikinyesha.

Huko kwa mumewe walimwita Nyar Kochia, yaani binti wa Kochia, maana mke huitwa kwa jina la kwao hata akikaa ugenini mpaka meno yamtoke. Dishon alikuwa mwanamume mzuri. Alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya Macalder, akatoka huko na ujuzi wa kupinda chuma na imani kwamba hakuna kitu duniani kisichonyooka ukikigonga vya kutosha. Masanduku yake yalikwenda na watoto wa shule mpaka Kisii na Maseno. Aliyapaka rangi ya buluu na kuyachora ua mbele, ua lile lile kila mara, kwa kuwa halikuwapo lingine alilojua kuchora.

Kikohozi chake kilipotimiza masika mawili, mama yake, Priscilla, alitoa sababu. Dishon alikuwa ameezeka nyumba yake mpya kabla kaka yake mkubwa hajaezeka ya kwake, na hiyo ni chira, wala hakuna haja ya kuuliza mtu. Kaka huyo alikuwa Mombasa, hakuwa na nyumba Suna, hakutaka nyumba Suna, na salamu alizituma Krismasi tu. Hata hivyo mwiko ni mwiko. Priscilla akachemsha manyasi, dawa ya majani ya kuondoa chira, na Dishon akanywa. Alikohoa kikohozi kile kile, sasa kina harufu ya majani. Akaendelea kukonda na kutoboa matundu mapya kwenye mshipi wake kwa msumari wa masanduku, na kila alipotoboa alisema kwamba mshipi wenyewe ulikuwa umetanuka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka uliofuata Uhuru, gari la watu wa afya lilipofika Suna.

Aliyekuja nalo aliitwa Nicanor. Hakuwa daktari, na alisema hivyo mara kwa mara, lakini alivaa kaptula iliyopigwa pasi na alikuwa na sindano, kwa hiyo watu walimwita daktari na yeye akachoka kukanusha. Alijua kazi yake vizuri. Kitu ambacho hakukijua ni kusema na watu. Chifu alimwitia baraza, wakaja Wajaluo na Wakuria, na kwa kuwa hakuna upande uliokubali kuhutubiwa kwa lugha ya upande mwingine, Nicanor alisema kwa Kiswahili, akiwa amesimama juu ya tairi la akiba, akiangalia viatu vyake.

"Tunapima kifua kikuu," alisema. "Tunadunga kidogo kwa mkono. Siku ya tatu tunarudi na rula. Mkono yako ikivimba, hiyo ni kusema huyo mdudu ameingia ndani yako. Isipovimba, hajaingia. Asanteni."

Akashuka. Kila neno alilosema lilikuwa karibu na ukweli, na kwa pamoja maneno hayo yalileta hasara kubwa kuliko kama angekaa kimya.

Maana pale barazani alikuwepo Machuki. Machuki alikuwa Mkuria wa kutoka upande wa mpakani, muuza ngozi na kamba, na kibanda chake kilipakana na cha Dishon. Ujana wake aliumalizia Molo akikamua ng'ombe wa mzungu, na hakuna jambo lililoweza kuzungumzwa Suna, liwe arusi au uchaguzi, ambalo Machuki hakuwahi kuliona kwanza kwa ng'ombe wa Molo. Watu walipokuwa wamepanga mstari na mikono imekunjuliwa, akacheka peke yake.

"Hii kitu mimi naijua," alisema. "Daktari ya ng'ombe alikuja Molo na sindano kama hii. Akadunga shingo ya kila ng'ombe. Siku ya tatu akarudi, akashika-shika. Ile imevimba, ilitolewa nje ikapigwa risasi. Ile haikuvimba, ikarudi kwa malisho. Mimi mwenyewe nilichimba shimo. Sasa nyinyi ngojeni tu rula."

Lazima ieleweke kwamba hawa ni watu wa ng'ombe. Ungewaambia mambo ya kitabuni wangekusikiliza kwa adabu na kwenda zao. Ukiwaambia mambo ya ng'ombe wanaamini, kwa sababu ng'ombe hana sababu ya kudanganya. Jioni hiyo Suna nzima ilikuwa inautazama mkono wake wa kushoto. Wengine waliupaka majivu, wengine tumbaku. Mama mmoja aliufunga kwa kitambaa kibichi akaketi nao kama aliyefiwa. Mwalimu wa Jumapili aliuombea. Chifu alianza kuvaa koti, na alilivaa katika joto la adhuhuri bila kueleza kwa nini.

Siku ya tatu Nicanor akarudi na rula. Mkono wa Leonida ulikuwa umevimba. Palipodungwa pameinuka kama kitumbua, pagumu, pekundu, panawasha mpaka machozi. Nicanor akapima, akasema "Ndiyo," akaita mwingine. Wa Dishon haukuwa na kitu. Haukuwa hata na alama ya kuonyesha kwamba sindano ilipita. Nicanor akapitisha kidole, akasema "Hakuna," akaita mwingine. Alipima mikono mingi siku hiyo, na hakuinua macho kuangalia uso uliokuwa juu ya mkono wowote.

Dishon alirudi nyumbani amekunja mkono wa shati mpaka begani. "Safi," alimwambia kila aliyekutana naye njiani, akionyesha. Kisha akakohoa kwenye kitambaa, akakificha mfukoni, akashika nguzo, akapumua, akaendelea na safari na kumwonyesha mwingine.

Priscilla hakuwa mwanamke mbaya, lakini aliogopa, na woga wake ulikuwa na mikono ya haraka. Siku hiyo hiyo alimtengea Leonida sahani yake na kibuyu chake. Mtoto mdogo aliondolewa mgongoni kwake. "Nyar Kochia," alisema, bila kumtazama, "umetoka kwenu na kitu. Mtoto yangu ako safi, daktari amesema. Wewe ndiye imevimba. Sasa najua kikohozi ilitoka wapi." Ikaamuliwa kwamba baada ya kuvuna mtama wajomba watakaa, na Leonida atarudishwa Kochia na mkono wake.

Leonida alimtazama Dishon ili aseme neno. Dishon alitazama mkono wake mwenyewe, ulivyo laini. Labda alikuwa na haya. Labda, baada ya masika mawili ya kuambiwa kwamba amelaaniwa, alikuwa amepata kitu kizuri cha kuamini na hakuwa tayari kukiachia. Leonida hakumlaumu. Ungemlaumuje mtu ambaye mbavu zake unaziona kupitia shati? Lakini moyo ulimwuma, na ulimwuma zaidi kila alipoisikia ile nyundo. Mume wake alikuwa anakufa mbele ya macho ya watu, na watu walikuwa wanampongeza.

Kwanza, hata hivyo, alitaka kujua kama atapigwa risasi. Alimfuata Nicanor pale alipopiga kambi nyuma ya ofisi ya chifu, akamkuta anakula ndizi.

"Daktari," alisema, "mimi ni mmoja wa wale wa kuvimba. Gari itatubeba lini?"

"Mimi si daktari. Itawabeba wapi?"

"Pale mnapopigia watu risasi."

Nicanor aliiweka ndizi chini. Ilibidi asimuliwe habari ya Molo tangu mwanzo, na alipoisikia yote alishika kichwa kama mtu aliyeona mbuzi ndani ya shamba lake la mboga. Kisha akamwonyesha kigogo, akamwambia akae. Na hapo, mbele ya mtu mmoja tu, bila tairi la kusimamia, Nicanor akawa mtu mwingine kabisa.

"Mama, sikiliza. Huyu mdudu anaingia na pumzi. Mtu anakohoa, wewe unavuta hewa, yeye anashuka mpaka kwa pafu. Huko kuna askari wa mwili. Wanammeza, lakini huyu ni mkaidi, akimezwa hafi. Anakaa ndani ya tumbo ya askari na anazaa. Basi wale askari wanaita wengine. Hao wengine inawachukua wiki nyingi kujifunza sura yake. Wakishamjua, wanakuja wengi, wanamzunguka, wanamjengea boma. Boma kama ya ng'ombe, ya miiba, imefungwa pande zote. Yuko hai huko ndani, lakini hatoki. Watu wengi sana wamemfunga hivyo na hawajui. Hawaugui, hawaambukizi mtu. Wewe uko hivyo."

"Na kuvimba?"

"Ile dawa nilidunga ni maji tu ya mdudu aliyekufa. Haina nguvu. Lakini askari wako wakasikia harufu yake pale kwa ngozi, wakasema, huyu tunamjua! Wakaja mbio. Kuvimba ni wao wamejaa hapo. Hiyo mkono yako haina ugonjwa. Ina kumbukumbu."

Leonida aliuangalia mkono wake.

"Nani alikuwa anakohoa kwenu," Nicanor akauliza, "wewe ukiwa mdogo?"

Alikuwa karibu kusema hakuna. Kisha siwindhe ikamrudia yote: ngozi za ng'ombe, giza, sauti ya hadithi ikikatika katikati na wao wakisogea karibu. Miaka yote hiyo alidhani amemsahau shangazi Jedidah, au karibu amsahau, kumbe mwili wake ulikuwa umemweka mahali na kuendelea kulinda mlango. Akalia pale pale kwenye kigogo, kwa sababu hapakuwa na mwiko wowote. Marehemu hakuvunja kitu. Alikuwa mgonjwa tu, na akazikwa kama mwenye kosa.

Nicanor, ambaye hakujua la kufanya na mtu anayelia, alimpa ndizi.

Akiwa ameishika, Leonida akauliza lile lililomleta bila yeye kujua. "Na mtu anakohoa tangu masika ya mwaka jana, analoweka shuka na jasho, amekonda, na mkono yake haikuvimba hata kidogo, huyo ni nini?"

"Rudia."

Akarudia.

"Nilimpima mimi?"

"Wewe mwenyewe. Ulisema hakuna."

"Na sikumwangalia?"

"Ulikuwa unaangalia rula."

Nicanor alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na miwani haikuwa chafu. Alieleza polepole. Askari hao ni watu wa kula na kupumzika kama watu wengine. Vita vikiwa virefu, wanachoka. Na vita vyenyewe ndivyo vinavyobomoa: watu wakipigana ndani ya nyumba yako vyombo vinavunjika, hata kama wanaopigana ni walinzi wako. Homa ni wao. Kukonda ni wao. Matundu ya pafu, mengi ni wao. Mwisho mwili unabaki na wachache, wote wameitwa kifuani, na ukidunga mkononi hakuna hata mmoja wa kutumwa kwenda kuangalia. Mkono unakuwa laini kama wa mtu asiyewahi kumwona mdudu. "Huyo mtu aende Homa Bay," alisema. "Wapime makohozi yake. Na aende sasa, si baada ya kuvuna."

Alikuja mwenyewe kesho yake kumwambia Dishon. Ilikuwa kazi bure. Dishon alimsikiliza kwa heshima, akakunja mkono wa shati. "Daktari, si wewe ulisema hakuna? Ulisema mbele ya watu. Sasa imekuwa iko?" Nicanor akaanza habari za askari waliochoka, lakini tayari watu watatu walikuwa wamesimama kusikiliza, naye akaanza kuangalia viatu. Priscilla alimwambia kwamba serikali iamue jambo moja. Nicanor akaondoka.

Leonida alikaa na jambo hilo siku nzima akipanga na kupangua samaki wake. Mume wake hakuwa mjinga. Aliamini mkono kwa sababu ya ng'ombe, na maneno ya mtu wa afya hayawezi kushindana na ng'ombe. Basi akainuka, akajitanda leso, akaenda kwa Machuki.

"Machuki," alisema, "ng'ombe za Molo. Zile hazikuvimba shingo, zote zilikuwa nono?"

"Zote," Machuki akasema. Kisha akaacha kusokota kamba. "Isipokuwa Deizi."

"Deizi ni nani?"

Machuki alikuna kichwa. Alikuwa mtu mkweli kwa namna yake. Alichofanya ni kile ambacho kila msimuliaji hufanya, kuondoa ng'ombe anayeharibu hadithi. Deizi alikuwa mzee, alisema. Amekonda, anakohoa zizini kila asubuhi, na shingo yake haikuvimba hata kidogo. Wakamrudisha malishoni na wale wazima. Hakumaliza kiangazi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ah, mama. Ingekuwa hadithi gani hiyo?"

"Kesho utaisema. Karibu na kibanda ya Dishon. Yote."

Machuki alikataa. Watu wangesema alidanganya, na jina lake lilikuwa limejengwa juu ya Molo. Leonida akamwambia hakudanganya, alikata mkia tu, na mkia huo sasa unatakiwa. Hakupandisha sauti. Lakini Machuki aliona jinsi alivyoshika pindo la leso, vidole vimekuwa vyeupe, na yeye pia alikuwa amesikia nyundo ikipungua, kwa kuwa hakuna aliyekaa karibu nayo kuliko yeye. Alimpenda Dishon. Walikuwa wamegombana kila siku ya Mungu kuhusu kivuli cha kibanda, na hilo huleta mapenzi.

Asubuhi iliyofuata Leonida alijifanya kupanga samaki mbele ya kibanda. Machuki akasokota kamba, akaguna, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Leo nimemkumbuka Deizi."

Nyundo ikagonga. "Deizi gani?" Dishon akauliza.

"Ng'ombe ya Molo. Ile haikuvimba shingo."

"Kumbe. Ilikuwa safi."

"Safi. Lakini ilikonda mpaka unahesabu mbavu."

Nyundo ikagonga tena, si kwa nguvu. "Ilikohoa?"

"Asubuhi na jioni."

"Na shingo?"

"Laini. Kama mkono yako."

Dishon alikaa na nyundo mapajani. "Ikawaje?" akauliza.

"Ikakufa, fundi. Daktari akaipasua, mimi nikishika taa. Mapafu yote yalikuwa kama maziwa mala yaliyoganda. Tukamwuliza, mbona shingo haikusema kitu? Akasema hiyo ng'ombe ilikuwa imechoka hata kuvimba."

Dishon alichukua tindo, akaiweka mahali pake. Akachukua koleo, akaiweka mahali pake. Akalifunika kwa gunia sanduku lililokuwa limebakiza mfuniko. Leonida alikuwa ameinama juu ya samaki na hakuthubutu kuinua kichwa, kwa hofu kwamba akimtazama ataghairi.

"Nyar Kochia," Dishon akasema, "basi ya Homa Bay inapita saa ngapi?"

Makohozi yake yalikuwa yamejaa wadudu kiasi kwamba mpimaji alimwita mwenzake kuja kuona. Alilazwa siku hiyo. Alidungwa sindano ya streptomaisini matakoni kila asubuhi, mpaka akasema hana tena upande wa kukalia, na alimezeshwa vidonge vilivyoacha ladha ya kutu mdomoni. Priscilla alikuja na chupa ya manyasi chini ya nguo. Muuguzi aliiona, akaamua kutoiona. Baadaye Dishon alipoanza kupata nafuu, kila mmoja alijua ni dawa gani iliyomponya, na hawakukubaliana kamwe.

Leonida alihamia Kochia kwa baba yake, ambako ndiko alikokuwa arudishwe kwa aibu, ila sasa alikwenda kwa miguu yake na kwa sababu ya maana. Kila siku alipeleka mchuzi wa samaki aina ya ngege, mayai na maziwa. Nicanor alikuwa amesema askari wanakula, naye akawalisha. Dishon alipokataa kijiko, alisubiri. Alipomfokea kwamba mchuzi hauna chumvi, akatia chumvi. Alipolalamika kwamba mama yake hatendewi vizuri na wauguzi, akaitika. Wenye vitanda vya jirani walimwambia Dishon ameoa mwanamke mpole ajabu. Mzee Wangwe, aliyemlea Leonida na kuujua ulimi wake, alisikia hayo siku alipokuja kumwangalia mkwe wake, na akaondoka mapema akiwa na wasiwasi.

Walimpiga Leonida pia picha ya kifua, kwa sababu alikuwa amelala karibu na Dishon muda wote huo. Mapafu yake yalikuwa mazima. Chini kidogo, upande wa kulia, palikuwa na alama nyeupe ndogo, kama punje ya mtama. Nicanor, aliyekuwa amepita kuleta majina ya wagonjwa wengine wa Suna, aliiweka picha dirishani akamwonyesha. Hilo ndilo boma, alisema. Limekauka, limekuwa gumu. Ale vizuri, asijichoshe kupita kiasi, na akianza kukohoa aje mbio, maana boma likikosa walinzi hubomoka hata baada ya miaka arobaini.

"Naweza kuangalia kidogo?" Leonida akauliza. Akaangalia mpaka Nicanor akahitaji kuondoka. Alitaka kumwambia shangazi kitu, lakini hakuwa na hakika kama inafaa kusema na picha ya kifua chako mwenyewe, kwa hiyo alisema tu moyoni kwamba hakukuwa na mwiko.

Miezi ilikwenda. Dishon alianza kuwa na mashavu. Mshipi ulirudi nyuma tundu moja, kisha lingine. Makohozi yalipimwa, yakapimwa tena, hayakuonyesha kitu. Lakini Leonida alikuwa ameshaumwa na neno safi, na hakuliamini tena kirahisi. Aliendelea kusubiri na kunyamaza, na usiku aliota nyundo iliyosimama.

Nicanor ndiye aliyetaka kumdunga Dishon mkono tena. Haikuwa lazima, daktari mkuu alisema hivyo. Nicanor alisema anajua si lazima. Akamdunga, na siku ya tatu akaja na rula, na safari hii alianza kwa kumwangalia Dishon usoni, muda mrefu hivi kwamba Dishon aliuliza kama kuna tatizo.

Leonida alifika na mchuzi akamkuta mumewe ameketi kitandani, mkono ameushika kama mtoto aliyeokotwa. Ulikuwa umevimba. Ulikuwa umevimba kuliko ulivyowahi kuvimba wa kwake, mwekundu, unang'aa, una malengelenge katikati.

"Nyar Kochia," Dishon akasema kwa sauti ndogo, "imevimba. Sasa nimeharibika?"

Leonida aliweka mchuzi chini. Alipagusa kwa kidole kimoja. Palikuwa pa moto. Nicanor alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akitabasamu kama mjinga. Askari wamekuja, Leonida aliwaza. Wako wa kutosha, mpaka wengine wanatumwa mkononi.

Akakaa kwenye kitanda. Akafunika uso kwa leso. Mabega yakatikisika, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kwa adabu. Kisha leso ikashuka, na Leonida akaanza.

Alianzia kwenye sahani. Alitaka kujua ni mwanamume gani anakaa akitazama mkewe anatengewa sahani kama mbwa, na yeye anatazama mkono. Akaenda kwenye mtoto aliyeondolewa mgongoni. Akaenda kwenye shati lililokunjwa mpaka begani, safi, safi, kwa kila mpita njia, na damu iko kwenye kitambaa mfukoni. Akaja kwenye chumvi. Alisema kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili Wakuria wa wodini nao wasikose. Muuguzi aliingia mbio, akamshika bega, akamwambia mama, huyu ni mgonjwa, hapa ni hospitali.

"Mwache, sista," Dishon akasema. "Mwache aseme."

Basi akasema. Alisema kwamba hata siku ya Deizi, siku ambayo yeye Leonida alikuwa amekaa kwenye jua anaomba Mungu, Dishon aliuliza basi inapita saa ngapi kana kwamba ni wazo lake mwenyewe, na mpaka leo hajashukuru mtu.

Hapo Dishon alikasirika. Alijiinua kitandani na kusema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye dirisha la dawa, kwamba wazo la basi lilikuwa lake kweli, kwamba Machuki anasimulia upuuzi kila siku na hakuna anayepanda basi kwa ajili hiyo, kwamba mtu akiamua jambo lake aachiwe liwe lake, na kwamba mchuzi ule kweli haukuwa na chumvi. Alisema yote kwa pumzi moja. Hakukohoa hata mara moja.

Leonida akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasogea karibu zaidi kitandani, akaingia kwenye habari ya mama yake Dishon.